Baba anataka kubatizwa uzeeni, nimzuieje?

Mtoto wa Uyole: Wakubwa shikamooni. Mzee wangu ni Mmoraviani wa kuzaliwa, kabatizwa utotoni. Sasa kaona video ya mwigizaji Denzel Washington akibatizwa kanisani Harlem, New York, Desemba 2024, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 70. Mzee naye anagonga 70 Agosti. Hasikii la mtu, anataka azamishwe mtoni, na baridi hii ya Mbeya, na presha yake. Nimzuieje?

Gogo la Mafinga: Chemsheni maji, mzamisheni kwenye pipa. Uzi ufungwe.

Mama Tukuyu: Acha utani na mambo ya Mungu. Mimi nilibatizwa mto Kiwira mwezi wa saba, meno yanagongana, shangazi kanishikia sweta ng'ambo, kumbe kalivaa yeye! Sikupata hata mafua. Mwanangu, mwache baba aokoke.

Katekista Mstaafu, Iringa: Gary Cooper, mwigizaji wa zamani wa Marekani, aliingia Ukatoliki 1959, mwaka 1961 akafariki. Wazee ndivyo walivyo. Ila wewe kuna kitu hujasema.

Mtoto wa Uyole: Haya. Mchungaji kamwambia kabla ya maji aache mke wa pili. Mke wa pili ndiye mama yangu.

Gogo la Mafinga: Kumbe presha ni ya kwako!

Mtoto wa Uyole: Hati ya nyumba anayokaa mama ninayo, niliitoa kwenye sanduku la mzee. Sijaiba, naitunza. Jumatatu naenda kwa mwanasheria, asinishauri mtu niirudishe.

Katekista Mstaafu, Iringa: Sasa umekuja kuomba ushauri au baraka? Denzel ana mke mmoja tangu 1983, hakuwa na wa kumwacha. Muulize mzee mwenyewe, si mchungaji, mama yako aende wapi.

Mama Tukuyu: Mke wa pili naye alijua anakoingia.

Mnywa Chai: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye mwaka jana aliomba nauli hapa akamzike baba yake? Tukamchangia. Leo marehemu anatafuta ubatizo?

Mtoto wa Uyole: Yule alikuwa baba mkubwa. Kwetu baba mkubwa ni baba.

Gogo la Mafinga: Chai hii, tena ya tangawizi. Nilitoa elfu tano yangu. Weka picha ya hati, ziba namba.

Mama Tukuyu: Mwacheni. Mwanangu, mama anajua kwamba hati unayo?

Mtoto wa Uyole: Hajui. Gogo, nitumie namba ya simu faragha, nikurudishie elfu tano yako.