Tupeane uzoefu: umesimama kati ya Waayalandi wakiimba wimbo wao wa taifa, uliona nini?

Mkaazi wa Drumcondra (mwanzisha mada)

Ndugu wanajamvi, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo limenikaa kichwani tangu nilipohamia Dublin miaka kumi na miwili iliyopita, nalo ni namna wenyeji wetu wanavyouimba, wanavyounong'ona au wanavyoukwepa wimbo wao wa taifa mbele za watu.

Nianze na langu. Mwaka wangu wa kwanza, mwenzangu wa kazini alinipeleka Croke Park kutazama fainali ya hurling, mchezo wao wa magongo na mpira mdogo ambao ukikupata kichwani bila kofia ngumu hutausahau. Uwanja ule huchukua watu zaidi ya 82,000. Timu zote mbili ziliandamana nyuma ya bendi, kisha wachezaji wakaigeukia bendera, umati ukanyamaza, na Amhrán na bhFiann, yaani Wimbo wa Askari, ukaanza. Mimi nimelelewa Tanga, kwenye gwaride la shule ambako kujikuna pua wakati wa Mungu Ibariki Afrika kulitosha kukuponza, kwa hiyo niliganda kama mlingoti. Waliokuwa karibu nami waliimba kwa sauti ya wastani, wengine wakitazama viatu vyao, mpaka ulipokaribia mstari wa mwisho. Hapo, wimbo ukiwa bado haujakwisha, uwanja mzima ulilipuka kwa kelele za kushangilia, na maneno ya kumalizia sikuyasikia kabisa.

Nilidhani ni utovu wa adabu, nikamwuliza mwenzangu kwa tahadhari. Yeye alishangaa kwamba nimeshangaa. Kwake kelele ile ni sehemu ya wimbo. Ameisikia tangu akiwa mtoto mabegani mwa baba yake, na akasema kwamba siku umati utakaposubiri hadi noti ya mwisho ndipo atakapojua kuna msiba. Wapo wanaochukizwa nayo, na huandika barua kwenye magazeti, lakini bado sijakutana na mmoja wao akiwa amekaa uwanjani.

Karibuni mtoe yenu, iwe ni ya uwanjani, ya baa, ya shuleni au ya kwenye hafla za serikali.

Mama Zuhura, Cork

Asante, kaka, kwa mada. Mimi ninamhudumia mzee wa miaka themanini na minane nyumbani kwake, na kwa kuwa mazungumzo ndiyo nusu ya kazi yangu, nilimwuliza. Aliniambia kwamba katika ujana wake wimbo huo ulipigwa kila mahali palipokusanya watu: mwishoni mwa dansi, kwenye majumba ya michezo ya kuigiza, na baadaye kwenye televisheni ya RTÉ ilipofunga matangazo usiku. Katika dansi ulikuwa ndiyo kengele ya kwenda nyumbani, hivyo vijana waliokuwa wamepanga kumsindikiza msichana walilazimika kusimama wima huku macho yakimtafuta mshindani wao karibu na mlango, na wajanja walikimbilia makoti yao dakika moja kabla. Nilimweleza kwamba sisi Nairobi tulikuwa tukisimama kwenye sinema kabla ya filamu kuanza, na akacheka mpaka akakohoa.

Lakini kilichonigusa ni jibu lake nilipomwuliza kama waliuimba. Alisema hapana, wimbo ulikuwa kazi ya bendi, na kazi yao ilikuwa kusimama. Mzee huyu hadi leo ukipigwa kwenye runinga kabla ya mechi hushika fimbo yake na kuinuka, ingawa goti lake ni bovu na mimi humkataza, lakini mdomo hafungui. Mjukuu wake aliyekaa kwenye kochi huuimba wote bila kuinuka. Kila mmoja humwona mwenzake ndiye asiyejua heshima, na mimi niliye katikati nashikilia kikombe cha chai.

Mwalimu wa Kwale

Nianze kwa kumjibu ndugu mmoja aliyeniuliza faraghani kama wimbo huu umo ndani ya katiba yao. Haumo. Bendera ndiyo iliyomo, katika ibara ya 7. Wimbo ulikubaliwa kwa uamuzi wa serikali mwaka 1926, na kinachohesabiwa kuwa wimbo wa taifa ni kiitikio peke yake. Ndiyo maana hata Mwayalandi mwenye mapenzi makubwa na nchi yake ukimwomba ubeti wa kwanza atakukodolea macho.

Sasa uzoefu wangu. Mwanangu alipoingia shule ya msingi alirudi nyumbani akiimba, na kwa kuwa nilitaka kumsindikiza, nilimwomba anifundishe. Alinifundisha kwa silabi, kama sisi tulivyofundishwa Kurani madrasa kabla ya kujua maana, na nilipojigamba mbele ya majirani niligundua kwamba nao wanajua silabi tu. Kiayalandi ni somo la lazima shuleni, na katiba inakiita lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza, lakini wengi wa watu wazima hawakitumii katika maisha ya kila siku. Matokeo yake ni kwamba mtu huanza kwa nguvu, katikati anamumunya, kisha anaibuka tena kwenye maneno anayoyakumbuka. Ukisimama karibu naye unasikia sauti ikizama na kuibuka kama mpiga mbizi.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wimbo wenyewe ulitungwa kwa Kiingereza. Peadar Kearney, aliyekuwa mpaka rangi wa nyumba hapa Dublin, aliandika maneno, na rafiki yake Patrick Heeney alishirikiana naye katika muziki. Heeney alifariki mwaka 1911, kabla hajajua kazi yao itafika wapi. Waasi wa mwaka 1916, walioinuka dhidi ya utawala wa Uingereza, waliuimba wakiwa wamezingirwa na baadaye katika kambi ya wafungwa, na wakati huo ni Kiingereza kilichosikika. Tafsiri ya Kiayalandi, aliyoifanya Liam Ó Rinn, ilichapishwa mwaka 1923. Leo hakuna anayeimba maneno ya Kiingereza uwanjani, ingawa ndiyo ambayo kila mtu angeyaelewa. Nilimwuliza jirani kwa nini wasirudi kwenye yale wanayoyafahamu, akanitazama kama nimemshauri auze kaburi la bibi yake. Kumumunya kwa lugha ya mababu kwake ni bora kuliko kutamka vizuri kwa lugha nyingine.

Jambo dogo la pembeni: maneno ya mwanzo, "Sinne Fianna Fáil", yanafanana na jina la chama kikubwa cha siasa kilichoanzishwa mwaka huohuo wa 1926. Jirani yangu wa upande wa pili, ambaye hajawahi kukipa chama hicho kura hata moja, huimba "laochra", yaani mashujaa, badala ya "Fianna", na huinua sauti kwenye neno hilo ili asikike hadi kwangu.

Msusi wa Galway

Mimi langu ni fupi. Ilikuwa baa, saa za kufunga, na baada ya usiku mzima wa fidla na filimbi mtu mmoja aliuanzisha wimbo bila kuombwa. Wengi walisimama. Msichana niliyekuwa naye mezani, mwanafunzi mwenzangu, alibaki amekaa kimya na glasi yake. Nilipomwuliza nje alisema haoni haya kuwa Mwayalandi, ila haoni kwa nini aimbe juu ya mizinga na risasi akiwa amelewa. Kaka aliyeuanzisha naye alisema, kwa upole, kwamba bila risasi zile msichana yule asingekuwa na paspoti aliyo nayo. Hawakugombana, na nijuavyo walipanda teksi moja.

Mganda wa Belfast

Ninyi mlioko kusini mna raha. Huku Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya ufalme wa Uingereza, wimbo huo ni kama koti lenye rangi ya timu: ukilivaa umeshatamka jambo. Mimi sikulijua hilo. Nilikuwa nimehamia kutoka Dublin, muziki umenikaa masikioni, na asubuhi moja nikawa ninaupiga mluzi jikoni kazini huku ninaosha kikombe. Hakuna aliyenigombeza. Dada mmoja ninayefanya naye kazi alikuja, akafunga mlango taratibu, akaniomba nichague wimbo mwingine. Nilimwomba radhi nikidhani yeye ni wa upande unaoutii ufalme wa Uingereza na kwamba nimemkera. Kumbe ni kinyume. Aliniambia kwamba wimbo huo anaupenda sana, na kwa sababu hiyo hataki usikike mahali ambapo mwenzake atainamisha kichwa.

Jumapili yake alinialika kwenye mechi ya mpira wa Kigaeli, mchezo wa jadi wa Waayalandi, nje ya mji. Bendera ya rangi tatu ilipandishwa, kanda ikapigwa kwenye kipaza sauti kibovu, na dada yule mpole aliimba kwa sauti ambayo sikujua anayo. Jumatatu hakuna aliyelitaja.

Shabiki wa Limerick

Ndugu wa Belfast amenifungulia njia, maana uzoefu wangu ni wa raga. Timu ya raga ya Ayalandi ni ya kisiwa kizima, kwa hiyo ndani yake wamo wachezaji wa kaskazini ambao kwao Amhrán na bhFiann ni wimbo wa nchi jirani. Kwa ajili hiyo Phil Coulter aliombwa atunge "Ireland's Call", ulioanza kutumika mwaka 1995. Mechi ikiwa Dublin huimbwa nyimbo mbili, wa taifa kwanza, kisha huo. Timu ikisafiri huimbwa huo wa pili peke yake.

Nilikwenda na watu wawili, mmoja Mprotestanti kutoka kaskazini, mwingine mtu wa Cork. Ulipopigwa wimbo wa taifa, yule wa kaskazini alisimama wima, mikono nyuma, midomo imefungwa, na ninaapa kwamba hapakuwa na dharau hata chembe katika kusimama kwake. Ulipokuja wa pili aliuimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, huku yule wa Cork akikunja mikono na kuniambia sikioni kwamba huo si wimbo, ni tangazo la biashara. Kisha mechi ikaanza, na wote wawili wakamtukana mwamuzi mmoja kwa maneno yaleyale.

Bwana wa Cork ndiye pia aliyenisimulia habari za tarehe 24 Februari 2007, na kila akisimulia hunyamaza kidogo katikati. Siku hiyo Uingereza ilicheza Croke Park kwa mara ya kwanza katika raga, kwenye uwanja uleule ambako majeshi ya Uingereza yaliua watu kumi na wanne tarehe 21 Novemba 1920, wakati wa mechi ya mpira wa Kigaeli. Kwa wiki nzima watu walibishana kama wimbo wa malkia utazomewa. Haukuzomewa, ulisikilizwa kwa utulivu. Kisha ukaja wao, na huyu bwana, ambaye kwa kawaida huumumunya kama wengine wote, anasema siku ile aliuimba neno kwa neno, na kwamba wachezaji wenye miili mikubwa walionekana kwenye runinga wakitokwa machozi. Ayalandi ilishinda 43 kwa 13. Matokeo hayo huyataja mwisho, kwa haraka, kana kwamba ni jambo la ziada.

Mkaazi wa Drumcondra

Shukrani kwenu nyote. Niongeze tu kwamba mwaka 2018 kamati ya Seneti yao ilitoa ripoti juu ya wimbo huu, na ilipendekeza mwongozo wa heshima badala ya sheria ya kuwaadhibu watu. Mwenzangu wa kazini alipoisikia habari hiyo aliuliza kama mwongozo unasema lolote juu ya kelele za mwisho. Je, hakuna aliyekula kiapo cha uraia hapa?

Mama Bukavu, Kerry

Mimi nilikula kiapo hicho Killarney, katika ukumbi uliojaa watu wa kila taifa waliovaa nguo zao bora. Tulitamka ahadi ya uaminifu mbele ya jaji, tukapongezwa, kisha wimbo ukapigwa. Nilikuwa nimejifunza kwa wiki sita, binti yangu akinisahihisha kila nilipotamka kama Mkongo, na nilikuwa nimetafuta mtu wa kunieleza maana ya kila mstari, kwa sababu niliona ni aibu kuimba mbele ya Mungu na jaji jambo nisilolielewa.

Ndani yake kuna mstari usemao "Buíon dár slua thar toinn do ráinig chugainn". Maana yake ni kwamba kundi katika watu wetu limetufikia kutoka ng'ambo ya bahari. Mtungaji hakuwa akinifikiria mimi, hilo ninalijua. Lakini ulipofika mstari huo niliuimba kwa sauti yote niliyopewa, na Mnigeria aliyekuwa kulia kwangu na mama wa Kifilipino aliyekuwa kushoto nao waliuimba, huku maofisa wenyeji mbele yetu wakichezesha midomo tu.

Jirani yangu, Mwayalandi mwenye miaka sitini na kitu, alikuwa amenisindikiza kama mgeni wangu. Tulipokuwa ndani ya gari, kabla hajawasha injini, alisema kwamba hapo ndipo yeye hupotea siku zote, kwenye mstari wa pili, tangu alipokuwa shule. Aliniuliza unasemaje. Nilimtamkia polepole, silabi kwa silabi, na yeye akairudia, mikono yake ikiwa kwenye usukani.