Kieślowski: ninunue Dekalog au zile filamu tatu za rangi?

Mtazamaji: Ndugu wanajukwaa, fedha niliyonayo inatosha seti moja tu ya diski za Krzysztof Kieślowski, mwongozaji wa filamu wa Poland. Ipo Dekalog, filamu kumi za takriban saa moja moja alizoitengenezea televisheni ya Poland, na zipo zile tatu za rangi za bendera ya Ufaransa, za 1993 na 1994. Naomba ushauri.

Mzee wa Reli: Hujasema utatazama na nani, wala kama unataka burudani au kuifahamu safari ya kazi yake.

Binti Mrima: Chukua Dekalog. Aliiandika pamoja na Krzysztof Piesiewicz, ambaye ni wakili, na ndiyo maana filamu ya tano, ya kijana anayemuua dereva wa teksi kisha naye akanyongwa na serikali, inaumiza kiasi kile.

Kaskazi: Hakikisha kwanza lugha. Mimi niliuziwa seti isiyo na tafsiri yoyote ya maandishi, Kipolandi kitupu, na muuzaji akakataa kuipokea tena. Niliitazama filamu ya kwanza hivyo hivyo: baba anapiga hesabu za barafu kwa kompyuta, mtoto anakwenda kuteleza, barafu inapasuka. Kilio cha baba nilikielewa, lakini mazungumzo yote yaliyotangulia, ambayo ndiyo yanayokipa uzito, yalinipita, na hadi leo nasikitika.

Mzee wa Reli: Seti zote mbili zinamwacha Kieślowski wa awali, aliyetoka chuo cha filamu cha Łódź akatengeneza filamu za makala. Mwaka 1980 alipiga picha katika stesheni kuu ya Warsaw, polisi wakaichukua mikanda yake wakitafuta mshukiwa wa mauaji. Hakutaka kamera yake iwe mtego wa kumnasa mtu.

Binti Mrima: Hata hivyo, filamu yake Amator, iliyoshinda tamasha la filamu la Moscow mwaka 1979, tayari ilikuwa ya kubuni. Alianza kuhama kutoka filamu za makala kabla ya mkasa huo.

Mtazamaji: Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nitatazama na mama, na macho yake hayasomi tena maandishi madogo.

Binti Mrima: Basi nabadilisha kauli. Anzeni na ile ya buluu, kwa kuwa muziki wa Zbigniew Preisner unabeba sehemu kubwa ya hadithi, nawe utamsomea mama maneno machache yaliyopo.

Mzee wa Reli: Polepole, binti yangu. Katika filamu hiyo mwanamke anafiwa na mume na mtoto ajalini, mwanzoni kabisa. Mtazamaji, baba yako yu hai?