Nina RB (namba ya taarifa polisi), nina PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), ila mpelelezi anasema "nendeni mkayamalize". Nikomae au niache?

FundiCherehani
Wakuu habari za jioni. Wiki 3 zilizopita jirani yangu wa frem (chumba cha biashara), huku huku Dar, alinipiga ngumi mbili akanisukumia kwenye cherehani, kisa maji niliyonyunyizia vumbi yamechuruzika mpaka kwake. Mdomo ukachanika, nyuzi 3. Kituoni nikapewa RB na PF3, nikatibiwa, daktari akajaza nikairudisha, na toka siku hiyo ni njoo kesho njoo kesho, mara mpelelezi yuko mahakamani, mara yuko kwenye msafara, mara mtuhumiwa kaitwa hajatokea na eti mimi ndo nimpelekee wito mtu aliyenipiga! Juzi kanichana kabisa, "dada yangu hili ni shambulio tu, mahakamani utazungushwa mpaka uchoke, mwenzio akulipe matibabu yaishe". Jamaa anatoa 50,000, wakati dawa na siku nilizofunga ofisi zinapita laki na nusu. Hivi polisi wanaruhusiwa kuniamulia? Na mahakamani ndo kuzunguka hivyo kweli?

Babu wa Kijiweni
Pole binti. Chukua hiyo 50 ukanunue uzi. Mimi nilikomaa, kesi ya kupigwa na mpangaji mwenzangu, siku ya kwanza imetajwa tu, ya pili hakimu yuko semina, ya tatu mshtakiwa kafiwa, ya nne shahidi wangu kasafiri, nimeenda mara 9 na kila nikienda genge nimefunga na nauli natoa mwenyewe. Mwisho jamaa kapigwa faini, hela ikaenda serikalini, mimi nikabaki na kovu langu. Shahidi mpaka leo hapokei simu yangu.

kalamu_nyekundu
Babu usimtishe dada wa watu, ingawa hiyo ya faini ni kweli na wengi wanaliwa hapohapo. Fidia inaombwa, na risiti za dawa unakuwa nazo, ukikaa kimya hakimu hawezi kukuotea.

Dada, hilo "shambulio tu" usilikubali. Kofi lisiloacha alama ndo shambulio la kawaida kwenye Kanuni ya Adhabu. Kuchanwa mpaka nyuzi ni shambulio la kudhuru mwili, kifungo chake kinafika miaka 5. Kupatana kupo kisheria, mahakama inaweza kuwapatanisha kwenye makosa madogo ya mtu na mtu, ila mlalamikaji aridhie, sasa mpelelezi hawezi kukuridhia. Halafu sio lazima ukae unasubiri jalada, mahakama ya mwanzo unaenda na miguu yako unatoa malalamiko hata kwa mdomo, wanakuandikia na mwenzio anaitwa. Mahakama wenyewe wamejiwekea kesi ya ngazi hiyo isivuke miezi 6. Inavuka, sibishi, lakini kuna pa kuulizia. PF3 uliitoa kopi kabla ya kurudisha? Kama hukutoa kaiombe kesho.

Afande Mstaafu
Nimekaa kaunta miaka, ngoja niwatetee kidogo kabla hamjanirushia mawe. Jumatatu asubuhi kaunta imejaa ngumi za wikiendi. Unaandika maelezo, unamtafuta mtuhumiwa kwa mafuta ya kuunga unga, unafungua jalada, Ijumaa mlalamikaji huyo kaongozana na aliyempiga, "afande tushasameheana sisi ni ndugu". Ukipeleka mahakamani ndo kama ya Babu, mashahidi wanayeyuka mmoja mmoja. Kwa hiyo mpelelezi kugusia suluhu sio lazima awe amekula kitu.

Ila wapo waliokula, na dalili yake ni kukuharakisha wewe huku mwenzio hata wito hajibu. PF3 ni bure, dhamana ya polisi ni bure, hela ya mafuta usitoe. Usigombane na mpelelezi, nunua daftari andika kila tarehe uliyoitwa na ulichoambiwa, kamwone mkuu wa kituo, akikaa kimya panda kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya. Mtu mwenye tarehe anasumbua kuliko mtu mwenye kelele.

NyotaYaMbeya
Ukipatana iandikwe jamani!! Dada yangu alipatana kwa mdomo, kapewa 20, iliyobaki mpaka leo anaimbiwa taarabu. Nendeni serikali ya mtaa, mjumbe awepo, kiasi na tarehe viandikwe, na usisaini popote kwamba umeifuta kesi kabla hela haijawa mkononi.

FundiCherehani
Asanteni sana wakuu, naleta mrejesho. Leo nimemwona mkuu wa kituo na daftari langu lenye tarehe zote 7 nilizoitwa, mpelelezi kaitwa hapohapo. Saa 11 jioni jirani huyo kaja na mkewe, ghafla 50 imekuwa 120. Nimewaambia laki na nusu na ikaandikwe kwa mjumbe, kasema anaenda kufikiria. Leo hata redio hajafungulia. Nimempa mpaka Ijumaa, akikausha Jumatatu niko mahakama ya mwanzo. Babu, nauli ilikuwa sh ngapi kwenda na kurudi nianze kutenga?