Nimelala hotelini siku 37, zimehesabiwa 23, na hizo 23 zimekatwa mafungu mawili! Akaunti "zilizounganishwa" zimeunganishwa wapi?

Assalaam aleikum wakuu.

Nimeudhika, na uzi huu utakuwa mrefu, mnivumilie. Nazungumzia kadi za pointi za hoteli kubwa (unalala, unakusanya pointi za kulalia bure, na siku zikitimia unapandishwa daraja), hasa zile za kampuni mbili zilizokuwa mbali mbali, moja ikainunua nyengine, halafu wakatutumia ujumbe: unganisha akaunti zako, sasa sisi ni wamoja. Nikaunganisha. Mwaka mzima nikapita hoteli za karibu na bandari, nzuri tu na za bei ndogo, nikaenda kulala kwao. Mwisho wa mwaka nimebaki daraja la chini kote kuwili.

Mimi natokea Unguja, kazi yangu ni ya mwani. Nanunua kwa akina mama wa Paje na Jambiani, lakini mzigo mwingi unatoka Pemba, na ofisi yetu inausafirisha nje. Kazi hii ni safari: Dar mara mbili kwa mwezi, Nairobi, Addis, mara moja moja Kigali. Nikiwa Chake, Pemba, hakuna hoteli za makampuni haya wala sizihitaji. Nalala gesti moja ambayo mama mwenye nyumba akisikia boti imechelewa ananiwekea uji kwenye chupa ya chai. Ninalolalamikia ni huko kwengine, tunakolipa dola mia na zaidi kwa usiku mmoja na kuahidiwa kwamba kila usiku unaandikwa.

Na sikuwa nazikusanya pointi kwa ajili ya kujionesha. Mama yangu ana miaka 71, magoti yamemchakaa, na hamu yake ni umra. Mnajua wenyewe vikundi vinavyofanya kupunguza gharama: mnawekwa hoteli ya mbali, kila sala basi la kwenda na basi la kurudi, na msongamano wa kupanda na kushuka. Yeye hawezi. Nikaangalia, nikakuta wakubwa wote hawa wapo jirani na Haram ya Makka. Jabal Omar kuna Hilton, kuna Hyatt Regency, kuna Marriott. Hoteli ya Fairmont ya mnara wa saa iko chini ya kampuni ya Accor. Nikanuia: safari zangu za mwani zitamlaza mama siku tatu pahala ambapo akisikia adhana anafika kwa miguu yake.

Majina ya kampuni zangu mbili siyataji, sitaki kesi. Niite Kubwa na Ndogo. Kubwa ndiyo iliyonunua.

Nilivyogundua ni hivi. Disemba nimefika Dar usiku, mvua imenyesha boti nzima, nimelowa mpaka mfuko wa kompyuta. Mapokezi nikamuuliza yule msichana: dada, mimi si nimeshafika daraja la dhahabu? Kwa hesabu yangu nilihitaji siku 20 nami nimelala 37. Alikuwa muungwana mno. Hakunijibu juu juu, alinigeuzia skrini yake nijionee. Mimi nikatoa kidaftari changu, kile ninachoandikia kilo za mwani, kurasa za nyuma nimepiga mistari: tarehe, mji, siku. Tukaanza kufuatana, yeye kidole kwenye kioo, mimi peni kwenye karatasi.

"Dada, hii ya Machi haimo."

Nikaitia alama.

"Hii ya Mei, Nairobi, haimo. Hii ya Juni ipo, ila imeingia ule upande mwengine."

Tulipomaliza, maji yananidondoka kwenye marumaru yao, hesabu ilikuwa hivi: siku 12 Kubwa, siku 11 Ndogo, siku 14 hazijulikani zilikokwenda. Kumi na mbili na kumi na moja ni 23. Nimevuka 20! Hapo ndipo aliponambia kwa sauti ya chini, kama anayeona haya kwa niaba ya waajiri wake, kwamba siku hazijumlishwi. Pointi unaweza kuzihamisha. Daraja ukilipata upande mmoja, upande wa pili wanalitambua. Lakini siku za kulala kila upande unahesabu zake.

Sasa wakuu, mnaona ilipo shida? Daraja linapatikana kwa siku. Kama siku hazijumlishwi, basi mwenye kugawa safari zake nusu kwa nusu ndiye anayeumia, na kugawa nusu kwa nusu ndiko kulikotangazwa kwetu kuwa faida ya kuunganisha! Ningelala siku zote 23 upande mmoja ningepata dhahabu, na upande wa pili ungenifuata wenyewe bila ya kulala hata siku moja. Hili hawakuliandika kwenye ule ujumbe wenye picha ya bwawa la kuogelea. Limo kwenye masharti, ukurasa ambao ukiufungua kwenye simu unateremka mpaka kidole kinachoka.

Msiseme ni jambo geni ambalo halina mfano. Marriott walipomaliza kuinunua Starwood, kampuni nyengine ya hoteli, Septemba 2016, waliwaruhusu watu kuunganisha akaunti mara moja, daraja likatambuliwa pande zote, na pointi 1 ya Starwood ikahama kuwa pointi 3 za Marriott. Lakini siku za kila upande zikaendelea kuhesabiwa mbali mbali mpaka mipango ilipofanywa mmoja Agosti 2018, na mpango huo mmoja ukapewa jina la Bonvoy Februari 2019. Karibu miaka miwili hiyo! Aliyefahamu mapema alichagua upande akakaa. Asiyefahamu alilala huku na kule kama mimi.

Kwetu huku muungano ule ulikuwa na maana, maana hoteli za Protea zilikuwa zimeshanunuliwa na Marriott tangu 2014, na Sheraton na Four Points walikuwa wa Starwood. Leo Protea ya Oyster Bay, Four Points ya New Africa pale mbele ya kanisa la Azania na Sheraton ya Addis zote ni kadi moja. Nakubali kwamba ikishakuwa moja kweli, inamsaidia msafiri. Ubaya uko katika kile kipindi cha katikati, wanapochukua uaminifu wako kwa jina la umoja na kukulipa kwa hesabu ya utengano.

Na zile siku 14? Hizi zinaniuma zaidi, kwa sababu hapa na ofisi yangu ina mkono. Safari zetu anabuku wakala mjini. Anachukua tiketi na chumba kwa pamoja, bei ya kifurushi, hoteli inalipwa na yeye, sisi tunamlipa yeye. Makampuni haya, Marriott, Hyatt, Hilton, wote wana sharti hilo hilo: chumba kilichonunuliwa kupitia tovuti za watu wa kati au kwa bei ya jumla ya wakala hakiingizi pointi wala siku. Namba yangu ya uanachama niliitoa kila mara mapokezi, wakaiandika, wakanishukuru, wakanipa na chupa ya maji. Hakuna hata mmoja aliyenambia, mama, hii haitahesabika. Miezi kumi natoa namba, miezi kumi wananitazama usoni wanaandika! Siku tano katika hizo 14 zilikuwa za warsha, mwandaaji kalipa bili moja ya vyumba vyote, nazo zimekwenda na maji.

Nimeandika malalamiko mara tatu, nimeambatisha bili. Mara tatu nimejibiwa na ujumbe ule ule, hata jina langu limekosewa herufi ile ile.

Kuna jambo jengine nawaambia wanaoanza sasa. Kibao cha mlangoni si cha milele. Wazee wa Dar wanaikumbuka ile hoteli ya Ohio Street: ilikuwa Sheraton, ikawa Royal Palm, ikawa Mövenpick, leo Serena. Kilimanjaro pale Kivukoni ilikuwa chini ya Kempinski, sasa ni Hyatt Regency. Kuta zile zile, bahari ile ile, lakini kadi uliyokuwa ukiionesha pale jana leo haifungui chochote. Ukichagua mpango kwa sababu ya hoteli moja uipendayo, umejenga juu ya mchanga wa Nungwi wakati wa kusi.

Tena na hiyo miungano ya hoteli na ndege wanayotupigia ngoma. Hyatt wamefungamana na American Airlines, Marriott na United. Ndege hizo mbili hazitui uwanja wa Karume hapa Unguja wala Dar. Marriott na Emirates angalau Emirates wapo Dar. Pointi za Bonvoy unaweza kuzigeuza maili kwa mashirika mengi, 3 kwa 1, maana yake pointi 60,000 zinakuwa maili 20,000, na kwa mengi yao wanakuongezea 5,000. Inasikika vizuri mpaka ujiulize umelala siku ngapi kuzifikia hizo 60,000. Kwao dola moja ni pointi 10 katika hoteli zao nyingi, kwa Hyatt ni 5, na usidhani kwa hivyo Bonvoy ni bora mara mbili. Pointi ya Starwood ilikuwa na thamani ya tatu za Marriott, hilo wenyewe ndio waliolipanga. Kinachopimwa ni pointi ngapi wanakutoza usiku ule unaoutaka, na Marriott waliliondoa jedwali la bei za pointi 2022, sasa bei inapanda na kushuka kama ya fedha. Kwa mtu anayetaka Makka mwezi wa Ramadhani, hesabu mwenyewe.

Sasa niko njia panda. Daraja la pili kwa Bonvoy ni siku 25 kwa mwaka, Hyatt ni 30, na vyote viwili unaanza sifuri Januari. Kwa safari zangu za Dar na Addis kote wapo, Nairobi pia. Hapa Unguja, Park Hyatt iko Shangani, lakini mimi nyumbani kwangu Mwanakwerekwe, sitalala Shangani kwa ajili ya pointi. Nimefikia pahala nataka kuziacha Kubwa na Ndogo zote mbili nianze upya, na moyo hautaki kuziacha zile 23.

Naomba walioyapitia haya wanisaidie. Kuna aliyewahi kudai siku za wakala akapewa? Ofisi zenu zinabuku vipi?

NYONGEZA, saa nne usiku: Nimesoma majibu yenu yote, ahsanteni. Ndugu aliyeandika kwamba wakala mwenye mfumo wa kubukia wa hoteli anaweza kuchukua bei ya kawaida ya kampuni na kuitia namba ya mwanachama ndani yake, kisha chumba kikahesabika, nimekufahamu na nimeulizia. Ni kweli. Wakala wetu alikuwa anaweza muda wote, hakuulizwa tu, naye bei ya kifurushi inamwachia chake. Nimemwambia bosi, kakubali kwamba kuanzia sasa vyumba tubuku wenyewe moja kwa moja, tiketi zibaki kwa wakala.

Kwa aliyeniambia "pointi ni mambo ya wazungu, mpeleke mama kwa pesa zako": kaka, zile siku nimelala mimi, mbali na wanangu, na ofisi imezilipa. Ni haki yangu, si zawadi.

Bado sijachagua. Jumanne nna boti ya saa moja asubuhi kwenda Dar, na chumba lazima nibuku kesho. Aliyewahi kuhamisha pointi kutoka mpango mdogo kwenda mkubwa aniandikie kabla ya hapo, zilichukua siku ngapi kufika na kama zilifika kamili.