Naomba ushauri: inverta imemaliza betri ya gari nikiwa kazini

Mpigapicha: Hamjambo wadau. Mimi hupiga picha za harusi hapa Nairobi na kuzichapa papo hapo, kompyuta na printa ndogo zikiwa kwenye buti la Probox. Jumamosi, pale Arboretum, nilitumia inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 300 kwenye tundu la kiberiti cha sigara kwa saa tatu, injini ikiwa imezimwa. Inverta haikulia hata mara moja, lakini nilipogeuza ufunguo starta ilitoa "tik, tik" tu, taa za dashibodi zikafifia, nikalazimika kuomba waya za jampa kwa dereva wa maharusi. Betri ni ya ampea-saa 45 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), haijamaliza mwaka. Ninunue kubwa zaidi?

Fundi Umeme: Pole, ndugu yangu. Usinunue kwanza. Inverta nyingi hulia volti zinapokaribia 11 na kujizima kwenye 10.5 hivi, na kufikia hapo starta huwa imeshindwa zamani, kwa hiyo usiitegemee kengele hiyo. Gawa wati kwa 10 upate ampea zinazotoka kwenye betri ya volti 12, maana inverta nayo hula umeme. Ikiwa vifaa vyako vilivuta wati 100 kwa wastani, hizo ni ampea 10, na kwa saa tatu umechota ampea-saa 30 kati ya 45, ilhali betri ya kuwashia gari, ambayo bamba zake ni nyembamba kwa kuwa imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, haifai kushuka chini ya nusu. Nunua kipima volti. Betri iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2, acha kazi.

Mama Wawili: Naomba niongeze jambo la fyuzi. Tundu hilo kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 au 15, kwa hiyo wati 300 kamili haliziwezi. Tafadhali usiweke fyuzi kubwa zaidi, kwani waya ndizo zitakazoungua. Mimi niliwahi kuchomoa plagi nikakuta plastiki yake imelainika kama nta, na watoto walikuwa kiti cha nyuma.

Mpigapicha: Asanteni sana. Je, nikiwasha injini dakika kumi kila baada ya saa moja?

Fundi Umeme: Hazitoshi kurudisha ulichochota, kwa sababu gari likinguruma limesimama, alteneta (jenereta ya gari inayochaji betri) hutoa sehemu tu ya uwezo wake. Tena usilingurumishe kamwe ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake una gesi inayoua bila kunusika. Kwa kazi ya kila wiki, weka betri ya pili ya aina inayostahimili kuchotwa sana, uichaji nyumbani, uifunge imara kwenye buti, na fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya.

Mpigapicha: Nimepima asubuhi hii kabla ya kuwasha: 12.3, ingawa jana niliendesha hadi Westlands na kurudi.

Fundi Umeme: Safari hiyo ni fupi. Iweke kwenye chaja usiku kucha, iache itulie saa chache, kisha upime tena kabla ya Jumamosi.