Kufanya kazi nyumbani katika mji mdogo Marekani: Chattanooga, Iowa City au Lewiston?

Mhamaji_Dallas
Habari za huko wakuu. Kazini wameniruhusu nifanye kazi kutoka nyumbani moja kwa moja, ofisini sihitajiki tena. Mimi, mke wangu na watoto wawili tumechoka na foleni na pango la Dallas, tunataka mji mtulivu. Tumechuja tumebaki na mitatu: Chattanooga (Tennessee), Iowa City (Iowa) na Lewiston (Maine).

Kwa hesabu zangu Chattanooga inaongoza. Shirika la umeme la mji, EPB, lilianza kuwapa wateja intaneti ya faiba yenye kasi ya gigabiti moja kwa sekunde mwaka 2010, na 2022 likafika gigabiti 25. Tennessee haikati kodi ya mapato kwenye mshahara, kama hapa Texas. Iowa inakata asilimia 3.8, na Maine inapanda mpaka 7.15. Aliyeko kwenye mojawapo ya miji hii aniambie nisichokiona nikiwa huku.

BintiTanga
Karibu Chattanooga, kaka. Faiba ni kweli tupu; mimi na mume wangu tunafanya vikao vya video kwa wakati mmoja, watoto wanatazama katuni, na hakuna kinachokwama. Ila kodi usidhani umeikwepa, inakusubiri dukani. Kodi ya mauzo hapa ni asilimia 9.25, na hata unga na maziwa vinakatwa, ingawa kwa kiwango cha chini kidogo. Kwa familia ya watu wanne utaisikia.

Jioni ni tamu. Ukifunga kompyuta unaenda mtoni, kuna daraja la Walnut Street ambalo ni la waenda kwa miguu tu, milima iko mbele yako. Kwa harusi na Idi mimi huenda Atlanta, kama saa mbili kwa gari.

Mzee_Coralville
Ndugu yangu, niko jirani kabisa na Iowa City. Acha nikuulize: ukishafunga hiyo kompyuta, utaongea na nani?

Mwenye kazi ya kiwandani anakutana na watu hata asipotaka. Wewe utaamka, utakaa chumbani, utamaliza, na hakuna aliyekuona. Mji mtulivu unaongeza ukimya juu ya ukimya. Mke wako je, naye ana kazi? Kama hana, yeye ndiye atakayebeba uzito kuliko wewe. Huku sisi Wakongomani ni wengi. Sokoni utasikia Kiswahili cha Bukavu, Kilingala, Kifaransa. Kukiwa na msiba, watu wanajaa nyumbani bila kuitwa. Mji wenyewe ni wa chuo kikuu, una watu kama elfu 75, na mwaka 2023 uliondoa nauli kwenye mabasi yake, kwa hiyo mama hakai ndani kwa kukosa gari la pili.

Lakini nikuambie na ubaya. Agosti 2020 upepo mkali wanaouita derecho ulipiga Cedar Rapids, hapa karibu. Kuna nyumba zilikaa gizani karibu wiki mbili. Mwenye kazi ya mtandaoni anunue betri kubwa au jenereta mapema.

MamaAsha_Maine
Mzee kasema kweli. Lewiston ni mji wa watu kama elfu 37 tu, lakini Wasomali walianza kuhamia hapa mwaka 2001, na sasa wapo Wakongomani na Warundi pia. Pita Lisbon Street uone maduka: nyama ya halali, viungo, unga, vyote vipo. Mimi nimelea watoto hapa na sijajuta.

Shida ni baridi na giza. Desemba jua linazama saa kumi jioni, wewe bado uko kazini. Jizoeze kutoka nje mchana, hata nusu saa, la sivyo utapita wiki nzima hujaliona jua. Nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta. Usisaini mkataba wa pango kabla hujauliza nani anajaza tangi.

Mhasibu_Kisumu
Kabla hamjafunga mizigo: mwajiri wako amesajiliwa kukata kodi jimbo unalohamia? Muulize kwa maandishi. Kama ofisi yake iko New York, jimbo hilo linaweza kudai kodi ya mshahara wako hata ukiishi Tennessee, iwapo unafanya kazi nyumbani kwa hiari yako. Na kama uko kwa viza ya kazi ya H-1B, kuhamia eneo lingine la kazi kunahitaji mwajiri apeleke marekebisho USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) kwanza. Usianze kazi kwenye anwani mpya kabla ya hapo.

Mhamaji_Dallas
Asanteni sana. Mwajiri yuko hapahapa Texas, na viza haituhusu, lakini usajili wa jimbo sikuwa nimeuwaza, nimeshawaandikia.

Mzee, swali lako nilimsomea mke wangu. Ni muuguzi, ila leseni yake ya hapa bado haijatoka, kwa hiyo kwa sasa yuko nyumbani. Alinyamaza, kisha akaniuliza Iowa City kuna kwaya ya Kiswahili?

Mzee_Coralville
Mwambie mama aje na sauti yake. Njooni Januari, msije Juni, muione baridi kwanza. Nitawapeleka kanisani na sokoni siku hiyohiyo.

Mhamaji_Dallas
Tunakuja Januari, Mzee. Nitakuandikia kando tukishapata tarehe.