Tupeane uzoefu: kufuatilia PSA baada ya tiba ya saratani ya tezi dume

Mwanzisha uzi
Wakuu, uzi huu ni wa waliomaliza tiba ya tezi dume na wale wanaowauguza. Tuweke hapa yale yanayosaidia kusoma majibu ya damu ya PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume, ambayo hupimwa ili kufuatilia saratani hiyo.

Naanza na linalowaponza wengi. Karatasi ya maabara mara nyingi huchapwa "kawaida: 0–4.0". Kiwango hicho ni cha mwanaume mwenye tezi nzima ambaye hajatibiwa. Aliyeondolewa tezi yote hakimhusu. Kwake PSA inatakiwa iwe chini ya 0.1 ndani ya wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji. Akipata 1.5, karatasi itasema yuko salama, kumbe ni jibu la kumpelekea daktari wiki hiyohiyo.

Nesi wa kliniki
Nyongeza, mkuu. Aliyepigwa mionzi asijilinganishe na aliyefanyiwa upasuaji. Tezi yake bado ipo, kwa hiyo PSA hushuka polepole, pengine kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Namba ya chini kabisa aliyowahi kufikia aiandike mahali pa wazi, maana madaktari huhesabu ugonjwa umerudi PSA ikipanda 2 juu ya hapo. Kama ilishuka hadi 0.4, mstari wake ni 2.4. Kwa wa upasuaji mstari ni 0.2, tena uthibitishwe kwa kipimo cha pili.

Baada ya mionzi PSA inaweza pia kupanda kidogo katika miaka ya mwanzo, kisha ikashuka yenyewe bila dawa yoyote. Ndiyo maana jibu moja lililopanda hurudiwa kwanza.

Mgeni
Samahani wakuu, mzee afunge kula kabla ya kutolewa damu?

Fundi maabara
Kwa PSA peke yake hapana, ale kama kawaida. Ila kama tezi bado ipo, asitoe manii wala kuendesha baiskeli saa 48 kabla. Akiwa na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), atibiwe kwanza na kipimo kisubiri kama wiki 6. Akiwa amewekewa mpira wa mkojo hivi karibuni, aseme. Aseme pia kama anameza biotini, vile vidonge vya nywele na kucha. Kwenye baadhi ya mashine hushusha PSA kwa uongo.

Sasa suala la maabara yenyewe, na hapa nasisitiza. Mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ileile. Anayetibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kisha akapima mkoani kwake, achague maabara moja na abaki nayo. Alama ya "<" nayo msiiache mnaponakili. "<0.1" maana yake PSA iko chini ya hapo, mashine haiwezi kuipima zaidi. Akihamia kwenye mashine kali zaidi akaandikiwa 0.03, familia nzima hukosa usingizi wakidhani imepanda, wakati haijapanda. Vizio vya ng/mL na µg/L visiwatishe, namba ni ileile.

Mwenye daftari
Nunueni daftari la mistari. Kila jibu liwe na tarehe, namba, jina la maabara na dawa anazotumia siku hiyo. Finasteride, dawa ya tezi dume iliyovimba, hushusha PSA karibu nusu kwa mwenye tezi, daktari asipojua atasoma vibaya.

Kwa wa mionzi anayechomwa pia sindano za homoni (za kushusha testosteroni, homoni ya kiume), andika tarehe ya kila sindano. PSA ikiwa chini wakati sindano inafanya kazi, bado hujui mionzi imefanya nini. Zikisimamishwa, testosteroni hurudi taratibu na PSA inaweza kupanda kidogo pamoja nayo, kwa hiyo ombeni zipimwe zote mbili siku moja.

Vipimo huwa kila miezi 3 hadi 6 mwanzoni, baadaye kila miezi 6 hadi 12 kadiri daktari atakavyopanga. Msiruke hata mzee akijisikia vizuri, kwa sababu PSA hupanda muda mrefu kabla ya maumivu. Daktari hutazama pia inachukua muda gani kujizidisha mara mbili. Kutoka 0.2 hadi 0.4 kwa miezi 3 ni jambo la haraka. Kwa miaka 2 kuna nafasi ya kupanga bila pupa. Hesabu hiyo haiwezekani kwa karatasi moja, hivyo nendeni kliniki na daftari lote.